Mashine Iliyojifunza kwa Meno ya Wengine

Tafiti nyingi duniani huwauliza wanafunzi wa udaktari wa meno kama wameisikia akili mnemba na kama wanaitarajia mema. Majibu yanafanana: wengi wameisikia, wengi wanaipokea kwa matumaini, wachache wamefundishwa darasani. Kisha huhitimishwa kwamba mtazamo wao ni chanya. Mtazamo chanya juu ya jambo usilofundishwa si maarifa, ni imani.

Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu programu zinazotambua matundu ya meno katika picha za eksirei. Ni hatua kubwa. Lakini mashine hujua kile tu ilichoonyeshwa. Mpelekee programu ya kusoma picha za simu mgonjwa aliyekulia miteremko ya Mlima Meru, ambako maji yenye floraidi nyingi huyatia meno madoa ya kahawia. Kama haikuwahi kuonyeshwa meno ya aina hiyo, yaweza kuyaita mabovu. Mwanafunzi asiyejua kuuliza "ilijifunza kwa meno ya nani?" atatii, na jino zima litachimbwa.

Huyu ndiye tutakayempangia Kasulu au Kibondo. Kwetu Kasulu mganga wa meno huwahudumia wenyeji, na wilayani humo kuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo. Mgonjwa wa kijijini mara nyingi hufika akiwa amechelewa, shavu limevimba, na ombi lake ni moja: ling'olewe.

Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo mashine inapohitajika, kwa sababu wataalamu ni wachache. Hoja hiyo ina uzito. Programu nzuri ingemsaidia mhudumu wa zahanati kujua nani apewe rufaa leo na nani asubiri. Lakini programu haizibi jino. Jino huzibwa na mkono uliofunzwa, penye kiti, umeme, ganzi na vifaa safi. Tukinunua programu tukayaacha hayo, tutakuwa tumepata njia ya kisasa ya kuhesabu meno ya kung'oa.

Liko pia suala la haki. Picha ya taya la mgonjwa ni taarifa zake binafsi, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayeipakia katika programu ya kigeni bila ridhaa ya mgonjwa asijifiche nyuma ya neno "ubunifu".

Kwa hiyo, wanafunzi, msiridhike kuulizwa mnaionaje akili mnemba. Daini kufundishwa namna inavyojifunza, inavyokosea, na nani huwajibika inapokosea. Nanyi watumishi wa umma mnaosaini manunuzi, kabla ya kusaini ulizeni kama programu hiyo imejaribiwa kwa wagonjwa wetu. Muuzaji akishindwa kujibu, msisaini.