"Mume Wangu" Kinywani mwa Bibi: Pengo katika Fasili za Maneno ya Ujamaa

Katika vijiji vya pwani ya kusini mwa Tanzania, kama vile Tingi wilayani Kilwa, si ajabu bibi kumwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", hata kama mtoto huyo hajaanza shule. Mjukuu wa kike naye huitwa "mke wangu" na babu yake, na "mke mwenzangu" na bibi yake. Wasikiaji hucheka, wala hakuna anayeuliza maana. Mtafiti anayetegemea kamusi peke yake, hata hivyo, hukwama, kwa kuwa kamusi zimezoea kufasili maneno ya ujamaa kwa vigezo viwili tu: uzazi na ndoa.

Wapo wanaodai kwamba huo ni utani tu, na kwamba kamusi haiwezi kubeba kila mzaha. Ni kweli kwamba ni utani. Radcliffe-Brown alikwisha kuujadili utani wa babu na mjukuu katika makala yake ya mwaka 1940. Lakini mzaha wa mtu binafsi hauna kanuni, ilhali wito huu unayo. Mama hamwiti mwanawe "mume wangu", wala shangazi hamwiti hivyo mtoto wa kaka yake. Kinachojulikana na wasemaji wote, na chenye mipaka kuhusu nani amwambie nani, ni sehemu ya maarifa ya lugha.

Asili ya wito huu haipatikani kwa kufuatilia sauti. Neno la Kiflemi "bomma", yaani bibi, hueleweka mara linapohusishwa na "bonne-maman" la Kifaransa. "Mume" halihitaji safari hiyo. Linalopaswa kufuatiliwa ni mahusiano. Ufunguo umo katika wito mwingine wa pwani: mzazi humbembeleza mwanawe wa kiume kwa kumwita "baba", na wa kike kwa kumwita "mama". Mtoto huwekwa katika nafasi ya babu au bibi yake, ambaye mara nyingi mtoto huyo amerithi jina lake. Basi ikiwa mama anamwita mwanawe "baba", mtoto huyo, kwa mantiki ileile, ni mume wa mama yake mama. Na ikiwa mjukuu wa kike ni mke wa babu, hana budi kuwa mke mwenza wa bibi. Miito hii mitano si vichekesho vilivyotawanyika, bali ni mfumo mmoja wenye hesabu kamili.

Athari za pengo hili si za kinadharia tu. Mfasiri wa masimulizi ya pwani anayekutana na mama akimwambia mtoto mchanga "lala, baba" anaweza kumwingiza mhusika asiyekuwepo. Aidha, watoto wengi wa mijini hulelewa mbali na babu na bibi zao, na mfumo usioandikwa hupotea pamoja na wanaoutumia.

Inafaa, kwa hiyo, kila kidahizo cha ujamaa kionyeshe matumizi mawili: ya kutaja na ya kuita, pamoja na maelezo ya nani humwita nani. Kamusi inayomweleza mume bila kumsikiliza bibi imeandika nusu ya neno.