Sessue Hayakawa: Mjapani aliyeitikisa Hollywood

Mnadhani Hollywood ilianza jana kuwazimikia wageni? Thubutu! Mwaka 1915 Mjapani Sessue Hayakawa alicheza filamu bubu ya "The Cheat", akiwa tajiri katili anayemchoma mwanamke chapa ya moto begani. Wajapani wa Marekani walikasirika, lakini akina dada wa Kizungu walimzimikia vibaya!

Tatizo, mara nyingi alipewa nafasi ya mtu mbaya, na msichana anachukuliwa na Mzungu. Jamaa akachoka. Mwaka 1918 akafungua kampuni yake, Haworth, akawa anacheza pia na mkewe, Tsuru Aoki.

Filamu za sauti nazo hazikummaliza: "The Bridge on the River Kwai" ya 1957 ilimfikisha kuwania Oscar. Alifariki 1973.

Vijana, ukinyimwa kiti, chonga chako!