Animesheni sasa ni bure, lakini simu ya mteja ndiyo inalipa

Ukitembea na vijana wanaounda tovuti hapa Kisumu, utasikia jina GSAP kila baada ya dakika tano. Ni maktaba ya kodi inayofanya vitu visogee kwenye ukurasa: maandishi yanaingia moja moja, picha zinateleza ukisukuma skrini, nembo inageuka umbo. Ilianzia enzi za Flash, na kwa miaka mingi vionjo vyake vitamu zaidi, kama kile cha kupasua maandishi herufi kwa herufi, vilikuwa vya wanachama waliolipa ada.

Oktoba 2024 kampuni ya Webflow ya Marekani iliinunua GreenSock, wenye GSAP. Mwisho wa Aprili 2025 wakatangaza kila kitu ni bure, hata kwa kazi za biashara. Kwa hivyo msee anayeandika kodi kwenye chumba kimoja Nyalenda ana vifaa vile vile vya ajensi ya London. Kwa sisi tulioacha chuo na kujifunzia kwa intaneti, hiyo si habari ndogo.

Ila bure ina mwenyewe. Leseni inakukataza kutumia GSAP kuunda kifaa cha kutengeneza animesheni bila kuandika kodi ambacho kitashindana na Webflow. Yaani tumia jembe, lakini usifungue duka la majembe. Kwa tovuti ya hoteli au saluni hilo halikugusi. Kama ndoto yako ni kubwa kuliko hiyo, soma leseni kwanza.

Swali gumu zaidi ni hili: nani analipa sasa? Jibu ni mwenye simu. Maktaba yenyewe si mzigo sana. Kiini chake ni kilobaiti 70 hivi, na ikibanwa kwa safari inapungua zaidi. Picha moja kubwa ya samaki inaizidi. Kazi iko kwenye kuchora. Ili mwendo uonekane laini, kivinjari kinatakiwa kuchora mara 60 kwa sekunde, yaani kina takriban milisekunde 16 kwa kila mchoro. Laptopu ya ofisini inaweza. Simu ya bei ya chini, yenye apu kumi zimefunguliwa nyuma, inaanza kukwama.

Kuna njia ya kuipunguzia kazi. Kusogeza kitu, kukizungusha au kukififisha ni rahisi, kwa sababu vingine vinabaki mahali pake. Lakini ukibadilisha upana au urefu wa kisanduku, ni kama makanga wa matatu ya Kondele akisema "sogeeni, kuna mmoja tena". Kila abiria lazima ahame, na hesabu ya viti inaanza upya.

Tatizo ni kwamba anayetulipa haoni hayo. Mwenye biashara anaangalia tovuti kwa skrini kubwa, anasema "wow", anatoa hela. Mnunuzi yuko Dunga, mkono mmoja una samaki, mwingine una simu, na anataka bei tu. Akisubiri herufi zicheze kwanza, atapiga simu kwa mwingine.

Simaanishi tuache animesheni. Mahali pengine ukosefu wake ndio hatari. Chukua malipo ya M-Pesa: mtu anabonyeza Lipa, halafu kuna sekunde kadhaa kabla ombi la PIN kutokea. Ukurasa ukinyamaza, atabonyeza tena, na hofu ya kukatwa mara mbili inaanza. Kiduara kidogo kinachozunguka, na maneno "Angalia simu yako", vinatosha kumtuliza. Na hicho hakihitaji GSAP, CSS ya kawaida inakifanya. Ila mtandao ukipotea, kisimame na kimwambie ukweli. Kiduara kinachozunguka bure ni uongo.

Maktaba kubwa iwekwe pale mwendo wenyewe ni habari. Fikiria ramani ya Ghuba ya Winam ikionyesha gugu maji linavyosukumwa na upepo, leo limeziba ufuo huu, wiki ijayo ule. Mvuvi ataelewa hapo kwa sekunde tano kuliko aya tatu. Hiyo ndiyo kazi ambayo kijana wa Kisumu anaweza kuifanya vizuri kuliko ajensi yoyote ya mbali, kwa sababu analijua ziwa.

Kwa hivyo, kabla hujamtumia mteja linki, azima simu ya bei ya chini kabisa mtaani na uifungue tovuti ukiwa kwenye matatu ya kwenda Ahero. Kisha washa mpangilio wa simu wa kupunguza mwendo, kwa sababu kuna watu hupata kizunguzungu, na uone kama tovuti yako inautii. Ikipita hapo, chaji bei yako bila aibu.