Banda la kuku si urembo, wadau

Haya wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Si mitihani wala si mapenzi, nilikuwa nyumbani Morogoro najenga banda la kuku. Najua kuna watu hapo hosteli watacheka, mwalimu mtarajiwa anapigilia mabanzi! Chekeni tu.

Likizo ya mwaka jana nilimjengea mama banda kwa hela ya bumu. Mabati mapya, mlango nimeupaka rangi ya bluu, majirani wakaja kushangaa. Mama alikuwa na mitetea saba na jogoo mmoja, na mayai ya hao ndiyo yaliyokuwa yanamnunulia mdogo wangu madaftari na sabuni. Mwezi wa tatu nikapigiwa simu alfajiri. "Mwanangu, kicheche ameingia. Amebakisha wawili." Nilikosa hata neno la pole. Siku hiyo nilikaa kwenye kipindi cha saikolojia ya elimu, ila kusema kweli sikusikia kitu.

Kosa lilikuwa langu. Nilitumia ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita, wenyewe wanauita wavu wa kuku, na hilo jina ndilo linalotuponza. Wavu ule unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie. Halafu niliuishia usawa wa ardhi, kwa hiyo kicheche alichimba kidogo tu akapita. Rangi ya bluu haikumtisha.

Ndiyo maana nasema wengi wetu tunajengea macho ya jirani, hatujengei usiku. Mchana kuku anakimbia, anapiga kelele, mama yupo. Usiku kuku haoni vizuri, amekaa tu anasubiri. Hela yako iende huko.

Safari hii banda limekaa juu ya nguzo, kimo cha goti. Sakafu ni mabanzi yaliyoachiwa nafasi nyembamba, mavi yanadondoka chini, mama anayazoa, yakishakaa na kuoza yanaenda kwenye mchicha. Madirisha nimeweka wavu mzito wa kuchomelea, wa nusu inchi. Msiyazibe kwa kuogopa baridi jamani, harufu kali ya mavi ikijifungia ndani inawaumiza kuku kifua. Viota ni viboksi vya mbao, kimoja kinatosha mitetea minne hivi, na viwe chini kuliko fito za kulalia. Ukikosea hapo watalala kwenye viota na mayai yote yatachafuka. Uzio wa mchana nimetumia wavu ule ule wa zamani kwa juu (sina hela ya kutupa vitu), ila chini nimezungushia ule mzito na kuufukia futi moja.

Roommate wangu anabisha, anasema kuku wa kienyeji aachwe huria, mbona babu zetu hawakuwa na uzio? Sawa kaka, kwa babu nyumba na nyumba ni mwendo. Kwetu tumebanana, kuku akiingia bustani ya jirani ni kesi kwa mjumbe. Na wale wanaosema kuku wa kienyeji haugui, waongo hao! Mdondo ukiingia unafagia mtaa mzima na dawa ya kuutibu hakuna, kuna chanjo tu, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Sasa jaribu kumkamata kuku aliyezoea kulala juu ya mwembe siku ya chanjo, uone. Mimi jioni nawafungulia uzio wakachakure saa mbili hivi, giza likianza wanarudi wenyewe.

Mama ameshanunua mitetea mitatu, wako watano sasa. Bado ananiangalia kwa jicho la "tutaona". Nikipata nauli narudi kufunga komeo, maana kwa sasa mlango tunaufunga kwa kamba na kuegesha jiwe, na usiku simu ikiita nashtuka.