Mti Uliokauka ni wa Nani?

Mvua za mwisho wa mwaka zikisha kukoma, na upepo mkavu wa Desemba ukaanza kuvuma, miti ya mashariki mwa Uganda huingia katika mtihani. Ile yenye mizizi mirefu na udongo mzuri huupita. Ile iliyopandwa juu ya mwamba wenye udongo haba, au kando ya lami ambako maji ya mvua hukimbilia mtaroni badala ya kuzama ardhini, huanza kunyauka kuanzia kileleni, tawi kwa tawi, mpaka siku moja wapita njia wanatambua kwamba mkaratusi uliokuwa ukiwapa kivuli umegeuka mfupa mweupe. Jambo hili halikuanza jana. Katika ukame wa 2005 na 2006 Ziwa Viktoria lilishuka kufikia kina ambacho hakikuwa kimeonekana Jinja kwa zaidi ya miaka 80, umeme ukawa wa mgao nchi nzima. Na ukame wa 2016 uliwafikia wakulima wengi waliokuwa wakidhani kwamba njaa ni habari ya Karamoja peke yake. Ziwa hujaa tena, kama lilivyojaa mwaka 2020 hata likafurika kingo zake. Mti uliokufa haurudi.

Basi mti huo umesimama. Nani aukate?

Swali hili laonekana jepesi kwa mtu asiyepata kuuliza ofisini. Mti ulio ndani ya ua wa mtu ni wake. Ulio kando ya barabara ya mji ni wa baraza la jiji. Ulio katika msitu wa hifadhi wa serikali kuu umo mikononi mwa Mamlaka ya Taifa ya Misitu, iliyotokana na Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003; ulio katika hifadhi ndogo za mitaa ni wa wilaya na afisa misitu wake. Ukipanda mlima ukavuka mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993 na yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,100 upande wa Uganda, hapo mwenye neno ni Mamlaka ya Wanyamapori. Ulioegemea nyaya za umeme unalihusu shirika la UEDCL, ambalo limerudi katika kazi ya kusambaza umeme tangu Aprili 2025, mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulipokwisha. Na ule ulio ndani ya kambi ni wa kamanda. Mti mmoja waweza kuwa na mizizi katika ua wa mjane, shina kando ya barabara ya jiji, na tawi juu ya waya. Una baba watatu, na bado ni yatima.

Mambo yalizidi kuchanganyika tarehe 1 Julai 2020, Jinja na Mbale zilipopandishwa kuwa majiji. Sehemu kama Budondo, Mafubira na Bugembe, zilizokuwa chini ya wilaya, ziliingia katika Jiji la Jinja. Mkulima wa Budondo alilala mwanakijiji akaamka mwana wa jiji, na miwa yake na mikaratusi yake ikaamka pamoja naye. Tangu siku hiyo, mtu mwenye shauri la mti mkavu hawezi kukimbilia kwa mkuu wa gombolola aliyemzoea bila kwanza kujua amesimama upande gani wa mpaka.

Kuhusu moto wenyewe sheria si haba. Ile ya mwaka 1974 ilipiga marufuku kuchoma nyasi bila idhini, na ingali katika vitabu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaitaja huduma ya zimamoto miongoni mwa kazi za mabaraza ya miji. Lakini magari ya zimamoto na watu waliofunzwa kuyatumia wamo katika Jeshi la Polisi, chini ya kurugenzi yake ya zimamoto na uokoaji. Kwa hiyo baraza lina wajibu, polisi wana maji. Wakikaa pamoja mezani kabla ya kiangazi, mambo huenda. Wakikutana kwa mara ya kwanza mbele ya moto, kila mmoja humtazama mwenzake. Na hata gari likifika upesi, lina mpaka wake. Gari zito lililojaa maji haliwezi kuukwea ukingo wa Wanale ulioinuka juu ya Mbale kama ukuta. Huko moto huzimwa kwa matawi mabichi, mapanga, majembe na miguu ya wanadamu.

Hapa inafaa kusahihisha jambo ambalo watu wengi hulisema kinyume. Mti mkavu si unaowasha moto. Kiberiti kikitupwa chini ya shina nene lililokauka, shina halitashika. Zitashika nyasi, majani makavu na vijiti vyembamba, kwa sababu vitu hivyo hukauka kwa saa chache tu hewa inapokuwa kavu, na ndiyo maana mioto mingi huwa mikali alasiri. Kosa la mti mkavu ni la baadaye. Moto wa nyasi ambao ungepita na kufa kando ya njia hukutana na shina lenye uvundo na uwazi ndani. Uwazi huo huwa kama bomba la moshi, moto hupanda hadi juu, na cheche hurushwa na upepo kuvuka njia iliyofyekwa kwa jasho. Kisha mti huanguka, aghalabu kwa kukatisha njia hiyo hiyo, ukawa daraja la moto. Gogo laweza kufuka siku kadhaa baada ya watu kurudi nyumbani wakiamini kazi imekwisha. Na mahali pa mteremko kasi hubadilika: moto unaopanda mlima hukaribia kuongeza mwendo wake maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Aliyesimama juu ya moto huo hana muda wa kufikiri.

Ikiwa ndivyo, baraza lenye fedha kidogo laanzia wapi? Mfano wa mbali wasaidia. Katika jimbo la California, Marekani, ukame wa 2012 hadi 2016 uliua miti zaidi ya milioni 100. Oktoba 2015 gavana alitangaza hali ya dharura, na serikali za mitaa za milimani zikapewa msaada wa kukata. Nchi tajiri kama ile haikuthubutu hata kuota kuikata yote. Walichagua: kwanza kando ya barabara ambazo watu wangekimbilia, kando ya nyaya za umeme, na karibu na nyumba, shule na matangi ya maji, milima ya nyuma ikaachwa. Mwaka 2020 moto mkubwa ulioitwa Creek ulipita katika milima hiyo hiyo iliyojaa miti mikavu, ukateketeza zaidi ya hekta 150,000. Hesabu hiyo haiwahusu watu wa Jinja, ambao hawana misitu ya namna ile. Kinachowahusu ni ule utaratibu wa kuchagua. Afisa misitu mmoja mwenye pikipiki moja na mafuta ya kupimiwa hana budi kuchagua vivyo hivyo, na kuwaambia watu waziwazi kwamba mti wa bondeni utangoja.

Lakini kuna jambo ambalo California haikulijua sana, na ambalo kila mkuu wa gombolola katika nchi ya Bugisu na Busoga analijua. Kuni ni chakula. Maharagwe hayaivi kwa hotuba. Tangazo likitoka kwamba miti iliyokauka yaweza kukatwa, miti hukauka. Mtu huja usiku na panga, akabandua gome kwa kuuzunguka mti mzima, kidole kwa kidole, na baada ya miezi michache huo mti nao ni “wa ukame”. Mvule, ambao Busoga ilisifika kwao na ambao mbao zake zina soko, ndio ulio katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo ofisi nyingi huona heri kukataa kila ombi. Na ofisi ikikataa kila ombi, mti uliokufa kweli hubaki umesimama juu ya paa la shule mpaka utakapoanguka wenyewe.

Njia iko katikati, nayo ni ya kutumia macho. Mti uliouawa hujulikana: gome limekatwa duara, chini ya goti au juu yake kidogo, na makali ya chuma yanaonekana. Mti uliokufa kwa kiu hufa kutoka juu, na gome lake hubanduka lenyewe vipande vipande. Kuna na kifo cha tatu, cha wadudu, ambacho hufuata ukame kama fisi afuatavyo kundi. Miti ya saiprasi ilipata kuangamizwa hivyo na chawa wa mimea aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, akaenea nchi zote za jirani. Na mikaratusi ya Uganda ilipata nyigu mdogo atiaye uvimbe katika majani mapya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mti wenye nguvu huvumilia. Mti wenye kiu hufa, na watu husema ni jua. Mwenyekiti wa kijiji akienda na afisa misitu, wakautazama mti pamoja na jirani wawili, wakautia alama ya rangi na kuuandika daftarini kabla shoka halijaugusa, mwizi hukosa mlango. Lililo gumu ni kwamba daftari lenyewe lisomwe hadharani, na kuni zigawiwe mbele ya watu. Mahali ambapo magogo hupakiwa katika lori la mtu asiyejulikana, mwaka unaofuata hakuna atakayeripoti mti mkavu, wala atakayetoka kuzima moto.

Upande wa Elgon yamekuwako maafikiano kati ya hifadhi na wanakijiji, ambayo huwaruhusu kuokota kuni kavu kwa siku maalum. Utaratibu huu una faida mbili kwa wakati mmoja: mama hupata kuni bila kukimbizana na askari wa hifadhi, na msitu hupungukiwa na chakula cha moto. Ndani kabisa ya msitu, mbali na nyumba, mti mkavu huachwa usimame. Hondohondo na nyuki wana haja nao.

Kwa askari na familia zao jambo hili liko karibu kuliko wanavyodhani. Kambi kama Gaddafi ya Jinja au Bugema ya Mbale zina viwanja vipana, na kiwanja kipana maana yake ni nyasi ndefu. Risasi zenye mwanga zinazotumiwa katika mazoezi huweza kuwasha nyasi kavu za uwanja wa shabaha. Vibanda vya mabati vya duara ambamo askari polisi wengi wameishi haviungui kama nyasi, lakini hushika joto upesi, na kwa vile vimepangwa karibu karibu, godoro moja likiwaka majirani huwa mashakani. Nje ya mlango ndipo penye hatari ya kila siku: jivu la sigiri. Kaa lililofunikwa na jivu huonekana limekufa ilhali laweza kuishi hadi kesho yake. Jivu humwagiwa maji, hukorogwa kwa kijiti, humwagiwa tena, kisha ndipo hutupwa katika shimo na si kwenye majani chini ya ua. Kazi hiyo aghalabu hupewa mtoto, na mtoto hulimwaga jivu palipo karibu.

Inampasa pia baba wa nyumba ajue kuutambua mti. Majani kudondoka si kifo; miti kadhaa hujivua majani wakati wa kiangazi na kuyarudisha. Akwaruze gome la tawi dogo kwa kisu. Rangi ya kijani na unyevu maana yake mti u hai. Akiona kahawia na ukavu, ajaribu tawi jingine, kisha shina. Ikiwa shina nalo ni kavu, asipande kuukata mwenyewe. Mti mkavu ni hatari kuukata kuliko mbichi, kwani matawi yake huachia bila onyo kichwani mwa mwenye shoka, na kamba iliyofungwa juu huvunja tawi badala ya kulivuta. Wakati anangoja wenye kazi hiyo, afyeke nyasi chini yake, mita kadhaa kila upande, akusanye vijiti na majani yaliyoanguka. Mti mkavu uliosimama juu ya udongo mtupu ni shauri la kuanguka tu. Uliosimama juu ya nyasi ni mashauri mawili.

Mpaka wa mashamba ya miwa wahitaji hadhari zaidi, hasa upande wa Kakira na vijiji vinavyoizunguka, ambako mistari ya mikaratusi imepandwa kutenganisha shamba na shamba. Miwa huweza kuwaka kwa uzembe, na pengine kwa kijicho, na moto wake una kelele na kimo ambacho nyasi hazina. Mistari hiyo ikikauka, moto wa shamba moja hupelekwa hadi la pili.

Mwezi Oktoba 2022, moto ulipowaka juu ya Kilimanjaro, Tanzania ilipeleka askari jeshi mlimani kusaidiana na askari wa hifadhi na raia. Walibeba majembe na maji mgongoni, wakilala katika baridi kali. Kazi ya namna hiyo haiendi kwa nguvu pekee. Kamanda wa zimamoto, mkuu wa hifadhi, mwenyekiti wa jiji na mkuu wa kambi huhitaji kujua mapema ni nani atoaye amri mlimani, maji yachotwe wapi, na njia ipi ibaki wazi kwa watu kushukia. Mazungumzo hayo yana msimu wake, nao ni Novemba, wakati nyasi bado mbichi na kila mtu ana mambo mengine ya kufanya.

Mvua zikirudi mwishoni mwa Machi, mashimo ya miti iliyokatwa huwa tayari kupokea miche. Mche wa mvule haupendi kupandwa peke yake juani. Mdudu mdogo hutia uvimbe katika machipukizi yake na kuyaua, kwa hiyo wakulima huuchanganya na migomba au miti mingine. Na haupandwi chini ya waya.