Kosa la Kipokezi Lisisingiziwe Anga

Mwanafunzi wa fizikia akielezwa kwamba kipokezi cha GPS chaweza kupima wingi wa elektroni zilizoko juu ya Kenya, aghalabu hukubali bila kuhoji. Yafaa aulize kipokezi chenyewe kimetia nini katika hesabu hiyo.

Setilaiti hutuma mawimbi mawili, la megahezi 1575.42 na la megahezi 1227.60. Yakipenya ionosfia, lile la masafa ya chini hucheleweshwa zaidi, na tofauti hiyo ndiyo hufichua wingi wa elektroni. Lakini saketi za setilaiti na za kipokezi nazo huyachelewesha mawimbi hayo, tena si kwa kiasi kimoja. Nanosekunde 1 tu huzua kosa la elektroni zipatazo trilioni 28,000 kwa kila mita mraba. Usiku, hesabu yaweza hata kutoa idadi iliyo chini ya sufuri! Ni sawa na mizani inayosoma gramu 50 kabla sukari haijamiminwa.

Mfasiri mwenye pupa ataliita jambo hili "upendeleo", na atapotosha. Kipokezi hakimpendelei mtu. Mimi naona "mwegemo" ni neno bora.

Mwegemo wa setilaiti hukadiriwa na kutangazwa na vituo kama kile cha Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Ule wa kipokezi hapana budi mwenye nacho aukadirie. Njia moja mashuhuri ni kutafuta thamani itakayofanya vipimo vya setilaiti mbalimbali vikubaliane, kwa kudhania kwamba anga yote iliyo juu ya kituo ni sawa. Dhana hiyo yaweza kufaa Ulaya. Kwetu sivyo. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia. Mchana elektroni hupandishwa juu yake, kisha huteremka na kurundikana yapata nyuzi 15 kaskazini na kusini. Wimbi lipokewalo Malindi kutoka kaskazini halikupita anga ile ile ya wimbi la kusini, na msukosuko huo huendelea hata baada ya magharibi. Saa chache kabla ya alfajiri ndizo za kutegemewa zaidi.

Hata hivyo, wapo wanaonakili tarakimu zitolewazo na programu iliyotungwa kwa mazingira mengine, ilhali joto, au kubadilishwa kwa kifaa, huweza kuugeuza mwegemo. Walimu wa vyuo vikuu wanaosahihisha tasnifu za aina hii wadai thamani ya mwegemo, tarehe ilipokadiriwa na njia iliyotumika. Asiyeyataja hayo arudishiwe kazi yake.