Nani alikata kiwanja kile bondeni?

Kila mwaka, mwezi wa kumi ukikaribia kwisha, sisi watu wa Kolwezi tunaanza kuangalia mawingu. Mvua ni baraka kwa mashamba ya mahindi na mihogo. Lakini kwa jamaa zinazokaa bondeni, kando ya vijito, ni miezi ya mashaka. Ukuta wa matofali mabichi ukilowa usiku kucha, asubuhi unaweza kuwa chini.

Na kila maji yanapoingia nyumbani mwa watu, tunasikia maneno yale yale: “Walijua ni bondeni. Mbona walijenga?” Tumeyasikia ofisini, tumeyasikia sokoni, na kwa haya tunakiri kwamba tumeyasikia hata mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Tunaomba tuyapime maneno hayo.

Sheria ipo

Katika nchi yetu, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Mwananchi hapewi udongo wenyewe, anapewa haki ya kuutumia. Tena kuna amri ya waziri ya mwaka 2013 juu ya kibali cha kujenga: kibali kinatangulia, ukuta unafuata. Maana yake ni kwamba kabla ya nyumba kusimama mahali popote mjini, jicho la Serikali lilipaswa kupita hapo kwanza.

Basi tukiona mtaa mzima bondeni, tusimwulize mama mwenye nyumba peke yake. Tuulize pia: nani alikata viwanja? Nani alipima kwa kamba? Nani alitia sahihi na muhuri, akapokea pesa, akanyamaza juu ya maji? Mara nyingi jamaa ina karatasi mkononi. Miaka inapita, kisha mtu wa ofisi anakuja na rangi nyekundu kuchora msalaba ukutani: nyumba ibomolewe. Ofisi ilipokea pesa siku ya kuuza, na siku ya kubomoa inasema haimjui mtu.

Kwa nini watu wanashuka bondeni?

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na hadi leo machimbo yanauzunguka mji na kuingia ndani yake. Kule Kasulo watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, na mwaka 2017 wakaaji wengi wakahamishwa ili kampuni ipate nafasi. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya wakaaji wengine wa mji huu waliotolewa makwao kwa sababu ya machimbo. Mtu aliyehamishwa kwa malipo madogo atanunua wapi? Juu, penye udongo mgumu, bei ni kubwa au ni eneo la kampuni. Anashuka mahali anapopaweza, na hapo ndipo maji yanaposhukia pia.

Tusidhani ni jambo dogo. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe katika Kivu ya Kusini, mito ilifurika ikafuta vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Siku ile maji hayakumwuliza mtu kama ana hati ya kiwanja.

Neno la Mungu linasema nini?

Wengi wetu tukisikia habari ya nyumba na mafuriko tunakimbilia Matayo 7, mtu mpumbavu aliyejenga juu ya mchanga. Lakini tusome pia Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu anawapa Waisraeli sheria ya ujenzi: anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asianguke. Asipouweka, damu ya aliyeanguka iko juu ya nyumba yake. Torati haimlaumu aliyeanguka. Inamwuliza yule aliyekuwa na uwezo wa kuzuia. Na katika Luka 13, mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Bwana Yesu alikataa kusema kwamba wao walikuwa wakosefu kuliko wengine. Aliwageukia waliobaki hai, akawaita watubu.

Toba ianze kwetu. Sisi wachungaji tumebariki mawe ya msingi bila kuuliza kibali. Tumenunua viwanja vya bei ndogo kando ya vijito na kujenga makanisa hapo, na waamini wakatufuata, wakiamini kwamba mahali pa mchungaji ni mahali salama.

Tunaomba mambo manne

Kwanza, ramani ya mahali maji yanapopita ibandikwe kwenye ofisi za komini za Dilala na Manika, watu waione kabla ya kununua. Pili, aliyetia sahihi kiwanja cha bondeni aitwe kujibu pamoja na aliyejenga. Tatu, nyumba isibomolewe kabla jamaa haijaonyeshwa kiwanja kingine kilicho salama. Pesa si ndoto: kwa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, asilimia 15 ya ushuru wa madini ni haki ya miji, komini na sekta ambamo machimbo yamo. Mifereji ya maji na viwanja salama vingeweza kutoka hapo, na sisi wananchi tuna haki ya kuuliza zimetumikaje.

Nne ni kwetu: jiwe la msingi lisibarikiwe katika jumuiya zetu kabla wazee wa kanisa hawajakiona kibali na kutembea mahali penyewe mvua ikinyesha. Wakikuta maji yanapita pale, waseme hapana, hata kama pesa imekwisha kutolewa.

Bwana atupe ujasiri wa kusema hapana hiyo mapema, tusiseme pole kaburini.